Pembe ya Bi Doto wa Mgogozi

Doto binti Mwinshehe bin Abubakari Mloka. Ndilo jina lake lote, na hapendi likatwe. Babu yake Abubakari alikata mkonge Kimamba enzi za wazungu, na siku nyapara alipomchapa kiboko mgongoni alilitupa panga miguuni pa yule nyapara, akaondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma, wala hakurudi kudai posho yake. Baba yake Mwinshehe alifanya kazi kwenye genge la reli. Mwaka mto Mkondoa ulipokula tuta la reli, alisimama katikati ya njia na bendera nyekundu mkononi, treni ya abiria inakuja, dereva anapiga honi na kumtukana matusi ya nguoni, na Mwinshehe hakusogea mpaka lile dude likasimama hatua ishirini mbele ya kifua chake. Waliposhuka kuja kumpiga wakaona reli zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mama yake Mwanaidi alizaa pacha peke yake shambani, akawabeba wote wawili mpaka nyumbani, na jioni akapika. Wa kwanza, Kulwa, hakufikisha siku arobaini. Wa pili ndiye huyu.

Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne, akazaa watoto watatu na kuwazika watatu, akamzika na mume. Amelima mpunga Mgogozi kwa miaka zaidi ya hamsini. Mgogozi ni kitongoji kilichopo kati ya Kilangali na mpaka wa hifadhi ya Mikumi, na kimegawanywa na kijito. Huku ni mashamba ya wenyeji. Ng'ambo ni maboma ya wafugaji waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakafuga na kulima, na sasa wana watoto waliozaliwa hapa hapa.

Ukiwauliza watu habari za Bi Doto watakwambia ni mkali. Ni kweli, ni mkali, anaweza kukukemea mpaka ukasahau ulichokuja kuomba. Lakini ukali huo ulitoka wapi hakuna aliyejua. Alikuja kuusema kwa kinywa chake mwaka huu, mbele ya mkutano, na aliyemtoa pangoni ni Thadeo.

Thadeo ni mtoto wa Mgogozi. Alicheza na Abubakari, mtoto wa kwanza wa Bi Doto, aliyepewa jina la babu; walifukuza ndege pamoja, walipanda dungu moja la kulindia mpunga, walikula sufuria moja. Kisha Thadeo akasoma, akaenda Dar es Salaam, akawa karani katika ofisi moja inayoshughulika na mambo ya usalama, na huko akasoma makaratasi mengi ya watu wakubwa. Mwaka juzi alistaafu mapema akarudi kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Si mtu mbaya. Ana ugonjwa mmoja tu, wa kuamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri limekuwa kweli.

Masika yalipokwisha, ng'ombe wa ng'ambo waliingia kwenye mpunga uliokuwa unaanza kuinama. Vijana wawili wa Mgogozi wakapigwa fimbo, mchungaji mmoja akavunjwa mkono. Mwenyekiti wa kitongoji, Yared, akaitisha mkutano wa Jumamosi. Jumatano yake, saa nne asubuhi, Thadeo alimkuta Bi Doto uani anapepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Thadeo alivuta kigoda. Aliuliza habari za magoti, akasifu mchele, akazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akasema kilichomleta. Alitaka ile pembe.

Ilikuwa pembe ya tandala, imejipinda mara mbili, na mdomo wake ulilainika kwa midomo ya wanaume wa vizazi vitatu. Ikipulizwa Mgogozi ilisikika Kilangali. Mume wa Bi Doto ndiye aliyekuwa mpiga pembe, na sheria ya pembe ilikuwa moja, kila mwanamume aliijua kabla hajajua kunyoa ndevu: ikilia, toka na silaha, usiulize. Utauliza mbele ya safari. Aliyeuliza kwanza aliitwa mwoga, na mwoga alitoa jogoo. Tembo walikuwa na madebe yao. Mtu akiona tembo kwenye mpunga hugonga debe. Pembe haikuwa ya wanyama. Ilikuwa ya watu.

Miaka kumi na saba iliyopita pembe ililia alfajiri, na kabla jua halijatoka watu wanne walikuwa wamelala chini pale kivukoni. Wawili wa huku, wawili wa ng'ambo. Mmoja wa huku alikuwa Abubakari. Tangu siku hiyo haikulia tena. Wazee walisema ibaki nyumbani kwa mwenyewe, na mume wa Bi Doto alipofariki ikabaki kwa mjane. Nani angethubutu kwenda kuidai kwa mama wa marehemu?

Thadeo alithubutu. Aliyasema maneno yake kwa upole, kama daktari anayeficha sindano. Alisema miaka kumi na saba hakuna aliyekufa hapa kwa sababu ng'ambo wanajua pembe ipo kwa Bi Doto. Tatizo ni kwamba vijana wao wameanza kusahau. Basi itolewe, ionekane, ipulizwe mara moja kwa majaribio, na sheria isomwe upya: akiguswa mmoja wetu, wataguswa kumi wao. Halafu ikatundikwe ofisini. Akasema si kwa kutumia. Ni kwa kuogopwa.

Akatoa simu kumwonyesha. Akasema duniani kuna nchi tisa zenye mabomu ya nyuklia, yote pamoja zaidi ya elfu kumi na mbili, na moja tu linaweza kuufanya mji kama Morogoro usiwe na hata mtu wa kuzika mwenzake. Na wenye nayo wakubwa, kwa miaka themanini hawajapigana wao kwa wao uso kwa uso. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja anajua akianza atamalizwa. Hiyo ndiyo sera yao ya usalama, imeandikwa, wasomi wanaifundisha.

"Hayakutengenezwa yatumike, mama," alisema. "Yametengenezwa yasitumike."

Hapo Bi Doto aliuweka ungo chini. Bomu hilo alilijua kabla Thadeo hajazaliwa. Alikuwa darasa la tatu, mwaka wa sitini, mwalimu aliposimama na gazeti mkononi, akawaambia watoto kwamba Wafaransa wamelipua bomu la namna hiyo jangwa la Sahara, kwenye udongo wa Afrika. Doto alinyoosha kidole akauliza kama kule kuna watu. Mwalimu akasema wenyewe wanasema hakuna. Alirudi nyumbani akamwuliza baba yake, na Mwinshehe akacheka kicheko kibaya, akasema popote wakubwa wanapotaka kutupa uchafu wao hakuna watu. Neno hilo amelitembeza kifuani miaka sitini na tano.

"Nikuulize," alisema. "Huko kwa wakubwa wako, mpiga pembe ni nani?"

Thadeo akajibu ni rais wa nchi, au yeyote anayetawala.

"Peke yake?"

Kwa nchi nyingine, ndiyo, amri ni ya mtu mmoja.

"Akiambiwa wenzake wameshaanza, ana muda gani wa kuuliza kama ni kweli?"

Thadeo ni mkweli, hilo tumpe. Alikuna kidevu akasema inategemea kombora limetoka wapi. Linaweza kufika kwa nusu saa. Ukitoa muda wa kuliona na wa kupeana habari, mwenye kuamua anaweza kubaki na dakika kumi. Au sita.

"Sita," Bi Doto alisema. "Maji ya ugali hayajachemka."

Akamwuliza kama haijawahi kutokea pembe ikalia bure. Thadeo akakiri imetokea, na si mara moja. Wakati fulani mitambo ya wakubwa iliona mwezi unachomoza ikadhani ni makombora. Mara nyingine mtu aliweka mkanda wa mazoezi kwenye mashine, wakubwa wakaamini vita imeanza. Mara nyingine jua liliangaza juu ya mawingu, mashine ikapiga kelele kwamba makombora matano yanakuja, na ofisa aliyekuwa zamu akakataa kuamini, akasema ni kosa la mashine. Angeamini, leo wasingekuwa hapo wanapepeta.

"Mwezi," alisema Bi Doto polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Waliona mwezi."

Aliuliza jambo la mwisho: kama kuna nchi yoyote iliyowahi kuwa nayo ikayaacha. Thadeo akasema ipo, Afrika Kusini. Waliyatengeneza wenyewe, wakayavunja wenyewe.

"Wakafa?"

"Hawakufa, mama."

"Basi nenda nyumbani kwako, Thadeo. Pembe utaiuliza Jumamosi."

Aliondoka akidhani amekubaliwa. Hasira humfanya mtu azungumze kwa ufupi, na wasiomjua huona ni upole.

Hebu sasa isemwe ile alfajiri, maana kijiji kilikuwa na habari yake na Bi Doto alikuwa na yake. Kijiji kilisema ng'ambo walikuja kutuvamia, mpiga pembe akawaona, akapuliza. Habari nzuri, ina shujaa na ina mwovu. Watoto wamefundishwa hivyo.

Kumbe mpiga pembe hakuwapo. Alikuwa amelala Kilosa mjini kwa ndugu yake, ameenda kutibiwa jino. Mpunga ulikuwa umeiva, na Abubakari alikuwa dunguni anaulinda. Kabla ya mwanga Bi Doto alisikia debe la mwanawe. Alitoka uani akawaona tembo watatu waliotoka hifadhini, wanatembea taratibu kama watu wanaokwenda kwenye shamba lao, na walikuwa wanaelekea dungu. Debe likalia, likalia. Tembo wale walikuwa wameshazoea madebe, hawakugeuza hata sikio. Mmoja akaweka kichwa kwenye nguzo ya dungu.

Mama gani angekaa akumbuke sheria? Aliingia ndani, akaitungua pembe ukutani, akapuliza. Alitaka watu. Alitaka watu wengi, haraka, waje na mioto wamtoe mwanawe. Ndiyo hayo tu.

Watu walikuja. Lakini walikuja kama pembe ilivyowafundisha, na mapanga na mishale, bila kuuliza, na wakakimbilia kule pembe ilikokuwa inawatuma miaka yote, yaani kivukoni. Ng'ambo nao walikuwa na sheria yao. Walikuwa wameapizana kwamba pembe ya Mgogozi ikilia wasisubiri kufuatwa kwenye maboma, maana kuna watoto. Wakutane nao njiani. Tembo wenyewe mlio ule mgeni uliwashtua, wakageuka wakaenda zao. Dungu lilibaki limesimama. Abubakari alikuwa mzima, hana mkwaruzo. Akasikia pembe, akashuka, akachukua panga lake, akakimbilia kivukoni pamoja na wenzake. Sheria aliifundishwa na baba yake.

Bi Doto alimwona akipita. Alimwita. Alikuwa na pembe mkononi na hakuwa na sauti.

Mkewe Abubakari alikuwa mtu wa Ruaha, kwenye mashamba ya miwa. Alirudi kwao na binti yao wa miaka mitano, Juliana, na mtoto akakulia kanisani kwa wajomba zake. Alipokua alikuja kumsalimia bibi, na katika kuja kuja akapendana na Jovin, mtoto wa Maduhu wa ng'ambo. Maduhu huyo ndiye mzee wa maboma, na mmoja wa wale wawili waliokufa upande wao alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kijiji kilingoja Bi Doto apige mayowe. Hakupiga. Alisema kama wamependana waoane, akaenda harusini amevaa doti mpya ya khanga. Watu walisema uzee umemlegeza. Yeye alijua anamlipa nani, na alijua hakuna malipo.

Alhamisi, siku moja baada ya Thadeo kutoka pale, Juliana alivuka kijito na mtoto mgongoni, amemletea bibi maziwa ya mgando. Alikaa jikoni akachezea kifuniko cha kibuyu. Kisha akasema ng'ambo nako wamekutana. Habari zimewafikia kwamba pembe inarudi. Baba mkwe wake Maduhu alisema watu wasubiri, waende kwa mtendaji, waongee. Vijana wakamcheka. Wakasema kusubiri ndiko kunakozika watu. Wamekubaliana ikilia tu, iwe ya majaribio, iwe ya nini, hawataingoja ivuke maji.

"Jovin naye?" Bi Doto aliuliza.

"Jovin amenunua mkuki, bibi. Anasema si wa kutumia."

Mtoto alikuwa anavuta ushungi wa bibi kizee. Bi Doto aliutazama ule mkono mdogo, akakasirika. Hawa wa huku wanatundika pembe ili wale waogope, wale wakiogopa wananunua mikuki, hawa wakiona mikuki wanasema si tulisema, na kila mmoja anaapa kwamba chake ni cha kutazama tu. Alimwambia Juliana arudi kwake kabla jua halijawa kali, Jumamosi asivuke. Juliana akauliza kama pembe ataitoa. Bi Doto akamwambia atajua Jumamosi kama wenzake.

Mkutano ulifanyika shuleni, kwenye darasa la sita, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Yared alifungua, akampa nafasi Thadeo. Na Thadeo alisema vizuri, hakuna wa kumnyima hilo. Aliwapeleka watu ng'ambo ya bahari akawarudisha. Aliwaeleza mabomu, aliwaeleza hofu inavyolinda amani kuliko mapenzi, akasema mataifa yenye akili yameweka usalama wao juu ya jambo hilo, sisi wa Mgogozi ni nani tulidharau. Akasema siku ile ya msiba tulivamiwa kwa sababu hatukuogopwa vya kutosha. Watu wakapiga makofi. Vijana wakapiga meza.

Bi Doto alisimama. Yared akamwomba anyooshe mkono kwanza, asubiri wasemaji watatu.

"Yared," alisema, "nimesubiri miaka kumi na saba. Hao watatu wako wataningoja mimi."

Watu wakacheka, wakamwachia. Walidhani anakwenda kuitoa pembe.

Akasema: "Siku ile hatukuvamiwa. Pembe niliipuliza mimi. Niliipulizia tembo."

Akaeleza yote, jino la mumewe, debe, dungu, nguzo. Hakupunguza wala hakulia. Alisema kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Hata pale Abubakari alipompita mbio hakuparuka. Kila mtu alikuwa anaiangalia ile habari yake nzuri ya miaka yote inavyobomoka, na kuna watu walioikasirikia sauti ya yule kikongwe kuliko jambo lenyewe.

Costancia alikuwa dawati la mbele. Mumewe ndiye yule mwingine wa huku aliyekufa kivukoni. Miaka yote hiyo yeye na Bi Doto wamekuwa wakienda kisimani pamoja, wafiwa wawili wa alfajiri moja, mmoja hajui. Costancia aliinuka, akafunga khanga yake kiunoni, akatoka nje. Hajamsalimia Bi Doto mpaka leo, na Bi Doto hamlaumu. Anasema haki yake ni hiyo.

Thadeo alikuwa wa kwanza kusema. Alisema anampa mama pole, lakini kosa la siku moja haliondoi ukweli kwamba tangu hapo pembe imetulinda. Ikae mikononi mwa watu waliofunzwa, iwekewe utaratibu.

"Imetulinda ikiwa wapi?" aliuliza Bi Doto.

"Si iko kwako, mama."

"Iko chooni. Kwenye choo cha zamani kilichojaa nikakifukia na kupanda migomba juu yake. Niliitupa siku ya maziko, watu wakiwa bado wanakula. Mume wangu alikuja kujua, akanyamaza mpaka kufa kwake. Kama unaitaka, Thadeo, jembe nitakuazima."

Kicheko kilianza nyuma kwa vijana, kikaja mbele kama maji. Hata Yared aliinamisha uso kwenye daftari lake. Watu wengine walikuwa wanacheka na kujifuta machozi na hawajui ni ya nini. Miaka kumi na saba kitongoji kizima kilikuwa kinatembea kifua mbele kwa ajili ya kitu kilichomo chini ya migomba ya Bi Doto, na ndizi zake wamezila.

Thadeo hakucheka. Alikuwa anafikiri, na msomi akifikiri huwa hana haya. Akasema kumbe basi ndiyo anachosema yeye: ng'ambo waliamini ipo, na kule kuamini kukatosha.

"Kama uongo ulitosha," Bi Doto alisema, "ukweli unautakia nini?"

Thadeo akaanza kupekua makaratasi yake.

Hapo ndipo hasira yote ya Bi Doto ilipotoka, na haikutoka kwa kelele. Aliwaambia ng'ambo hawakai kimya kwa kuogopa pembe, nusu yao walikuja baada ya msiba, hawajaiona wala kuisikia. Wanakaa kimya kwa sababu mashine ya kukoboa iko huku na maziwa yako kule, kwa sababu watoto wamekaa dawati moja, kwa sababu kuna binti yetu amejifungua kwenye boma lao. Kilichowafanya wanunue mikuki wiki hii ni habari kwamba pembe inarudi. Akawaambia wakubwa wa dunia wakitaka kulala juu ya baruti na kuiita godoro, walale, ila wasituletee ile dawa yao kama vile wao wamepona. Wameponea mwezi. Wameponea mawingu, na mtu mmoja aliyekuwa zamu akaona haya kuua dunia kwa neno la mashine. Sisi tulikuwa na tembo watatu na hatukuwa na huyo mtu.

"Baba yangu alisimamisha treni," alisema. "Dereva alimtukana. Baba alisema, treni iliyosimama bure imepoteza saa moja. Iliyoanguka imepoteza watu. Nyinyi mmetunga sheria ya kwamba mtu asiulize. Mimi natunga ya kwangu leo. Mtu atauliza kwanza."

Akafungua fundo la khanga akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa bendera ya reli ya Mwinshehe, ambayo wekundu wake ulishafifia mpaka ukawa kama chai iliyozidi maziwa. Hakumpa Yared. Hakuwapa vijana. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la Thadeo akaiweka juu ya makaratasi yake.

Akamwambia kwamba kuanzia leo, likisikika lolote, debe, filimbi, yowe, mtu asishike panga mpaka Thadeo amekwenda kivukoni na kitambaa hicho, mikono mitupu, akauliza kuna nini. Ng'ambo nako, Bi Doto atamwambia Juliana awaambie wachague wa kwao. Aliyetumwa asiporudi na jibu, hapo ndipo watu watamfuata, si kabla.

Thadeo alikitazama kitambaa. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni mtu mzima sasa, kivuko kina utelezi, magoti yake si mazuri.

"Magoti ya Abubakari yalikuwa mazuri," alisema Bi Doto.

Thadeo alikichukua kitambaa, akakikunja tena mara nne kama alivyokikuta, akakitia mfuko wa shati.

"Nitaanza lini, mama?"

"Unaanza sasa hivi, jua lipo. Nenda kwa Maduhu. Mkute kwenye boma, umwamkie kama mzee wako, ukae chini. Umweleze niliyoyasema hapa yote, usiyapambe kama unavyopamba ya wazungu: tembo, pembe, mtoto wake, mtoto wangu, na choo usikiruke. Akitaka kuja kunipiga, mwambie nipo nyumbani. Akiuliza ni nani aliyepuliza, usiseme mama Abubakari, wala usiseme bibi mmoja wa huko. Litaje jina langu lote."